Korosho Zetu, Kazi ya Wengine



Kila msimu tunayaona malori yakitoka Masasi, yakipita hapa Nanganga kuelekea bandari ya Mtwara. Yamesheheni korosho ghafi, ambazo nyingi huenda kubanguliwa India na Vietnam.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga viwanda vya kubangulia, vikiwemo vya Masasi na Newala, karibu na mikorosho yenyewe. Lakini wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, na bei ilikuwa duni. Mavuno ya nchi yalianguka kutoka tani zipatazo 145,000 mwaka 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87. Viwanda vikakosa cha kubangua. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kiwanda ndicho kitakachotuokoa, twauliza kwanza: mkulima atalipwa nini, na lini?

Mauzo kwa stakabadhi ghalani, yaliyoanza mwaka 2007, yamempa mkulima bei ya wazi. Malipo nayo yasicheleweshwe. Akina mama wabanguao kwa mikono (mafuta ya ganda huwachoma vidole) hawana mtaji wa kushindana mnadani na wanunuzi wa shehena nzima. Vyama vya msingi vingeweza kuwakopesha magunia machache, walipe wakishauza. Tunaomba jambo hilo lijadiliwe katika mikutano mikuu ya vyama, kabla msimu haujafunguliwa.