Mto wa Sufi Urudi Sebuleni

Katika nyumba nyingi za kusini mwa Tanzania, Chunyu wilayani Ruangwa ikiwemo, mito ya kulalia ina vyeo. Mto wa sponji wa dukani, wenye foronya iliyodariziwa maua, hutengewa mgeni. Mto wa sufi, mgumu kidogo na wenye baka la mafuta ya nywele, huachiwa bibi. Ingefaa vyeo hivyo vibadilishane, maana bibi ndiye anayelalia kitu bora.

Sufi haiagizwi kutoka Dar es Salaam. Kiangazi, msufi ukishapukutisha majani, matunda yake hukauka na kupasuka, na upepo ukiwahi kabla ya wenye nyumba, nyuzi zote huishia vichakani. Ndiyo sababu kazi ya kuchambua hufanyika ndani, milango imefungwa. Sufi hutiwa ndani ya gunia au kikapu kirefu, ikakorogwa kwa kijiti mpaka mbegu zizame chini. Anayechambua hujifunga khanga puani, na bado atatoka na kope nyeupe, akipiga chafya.

Uzi wa sufi una uwazi ndani uliojaa hewa, na juu umepakwa nta ya asili, hivyo ni mwepesi na hauingizi maji upesi. Kwa sababu hiyo mabaharia walivalishwa maboya ya sufi. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, Marekani ilikatiwa sufi, ikabidi watoto wa shule wapelekwe maporini kuokota matunda ya gugu lenye nyuzi kama hizo. Huku kwetu msufi hukatwa ukatengenezwa mbao, na hakuna anayeuliza.

Na kulaza kichwa ni sehemu ndogo tu ya kazi za mto. Mjamzito akilala ubavu huuweka katikati ya magoti, kiuno kikapumzika. Mama anayenyonyesha huuweka mapajani ili mgongo usipinde. Mgonjwa anayehema kwa shida huegemezwa mito miwili au mitatu, akapata pumzi. Msimu wa korosho, malipo ya mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI yakishatolewa benki, ndani ya foronya huingia noti ambazo hata mume hazijui, simu iwe na akaunti ya pesa au isiwe nayo. Watoto nao huugeuza mto kuwa mpira, ngao na silaha, mpaka mshono ufumuke na mama apaze sauti.

Mtoto mchanga peke yake ndiye asiye na haja nao. Madaktari wa watoto wanashauri asiwekewe mto kabla ya kutimiza mwaka, kwani unaweza kumziba pumzi. Kumkingia mito pembeni asianguke, kama wengi wanavyofanya, ni kumwepusha na hatari moja na kumtia kwenye nyingine.

Sufi ina masharti yake. Hushika moto haraka, kwa hiyo koroboi ikae mbali na kitanda. Haifuliwi, hufuliwa foronya tu, na mto wenyewe ukaanikwa juani na kupigwapigwa vumbi litoke. Ikifanya mabonge, mshono hufumuliwa, sufi ikachambuliwa upya na kurudishwa. Mto wa vipande vya sponji ukishachoka, nani anaufufua? Hutupwa jalalani, na sponji haiozi.

Ruangwa sasa hupokea wageni wengi, wa madini na wa mechi za timu ya Namungo kwenye uwanja wa Majaliwa, na wengi wao hulala gesti. Wenye gesti wangeagiza mito kwa mafundi cherehani wa Ruangwa na Nachingwea, kitambaa kizito cha pamba, sufi iliyochambuliwa vizuri, na kinamama wanaochambua wangelipwa kwa kilo. Msimu wa sufi huangukia kiangazi, wakati shamba la mahindi limepumzika na mikono ipo.