Tuufungulie Mto Mara Daftari

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea matumbo juu karibu na daraja la Kirumi, pale mto unapokaribia kuingia Ziwa Victoria. Watu wakazuiwa kwa muda kutumia maji yale na kula samaki wake. Serikali ya Tanzania ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, na mwezi ule ule kamati ikatoa jibu: oksijeni majini ilikuwa imeshuka mno kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza bondeni. Jibu hilo lilipokewa kwa hasira. Wengi walikataa kuamini kwamba ng'ombe, ambao wamenywa maji ya mto huu tangu enzi za mababu, ndio walioua samaki kwa siku chache. Wengine wakautaja mgodi wa dhahabu, wengine wakaikingia kamati kifua. Kelele zikapanda, zikashuka, zikaisha. Samaki walioza, na sisi tukabaki na maoni mengi na ushahidi haba.

Ndugu wananchi wa bonde la Mara, aibu ya mwaka ule haikuwa ya serikali peke yake. Ilikuwa yetu pia. Mwananchi aliyetaka kulinganisha maji ya Machi na ya Februari, au ya mwaka uliotangulia, hakuwa na pa kuangalia. Taasisi zinapima, lakini vipimo vyao havibandikwi kwenye mbao za matangazo za vijiji vyetu wala havisomwi kwenye mikutano yetu. Kwa hiyo siku mto ulipougua, kila mmoja alikuja na kile alichokuwa akikiamini tangu zamani: anayeuchukia mgodi aliuona mgodi, anayewachukia wafugaji aliwaona wafugaji. Hoja yangu ni moja, nami naitoa kwa uzito wote: watu wa kando ya mto huu lazima wawe na kumbukumbu yao wenyewe ya maji, inayopimwa na wao, inayotunzwa na wao, na inayotangazwa wazi kila mwezi, hata miezi ambayo hakuna samaki aliyekufa.

Sababu za mto kuharibika hazihitaji hotuba. Misitu ya Mau, kwenye chanzo cha mto, imefyekwa, kilimo kimeteremka hadi ukingoni, mifugo imezidi malisho, miji inamwaga uchafu, na dhahabu inachimbwa na wakubwa wenye mabwawa ya taka na wadogo wenye zebaki. Wala 2022 haukuwa mwaka wa kwanza wa malalamiko. Mwaka 2009 wananchi wa Tarime walilalamikia maji yaliyovuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea Mto Tigithe, ambao hutiririka hadi Mara. Mwaka 2019 serikali yenyewe iliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Watu waliopitia hayo wana kila sababu ya kushuku. Lakini shuku bila kipimo haijawahi kumfikisha mchafuzi mahakamani, na haijawahi kumsafisha asiye na hatia.

Tazama yaliyotokea kwenye mto huu huu, upande wa Kenya. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya miaka kadhaa ya kazi ndani ya Maasai Mara. Walionyesha kwamba kinyesi cha viboko hurundikana kwenye madimbwi yao wakati maji ni machache. Mvua ikinyesha na mto ukijaa, uchafu ule husombwa kwa mkupuo, oksijeni hushuka, na samaki hufa kwa wingi. Maana yake ni kwamba kinyesi cha wanyama kweli kinaweza kuua samaki wa Mara, na kamati ya 2022 huenda ilisema kweli. Watafiti wale waliaminika kwa sababu walikuwa na vyombo ndani ya maji, vikipima kabla ya mafuriko, wakati wa mafuriko na baada yake. Kamati iliyofika baada ya samaki kufa haikuwa na nafasi hiyo mbele ya umma. Huu ndio msiba wenyewe: bila kumbukumbu, hata ukweli haupati wa kuuamini, na uongo nao haupati wa kuukanusha.

Watasema kupima maji ni kazi ya wataalamu, na mkulima wa mtama hawezi kuingilia. Wawaulize watu wa Flint, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani. Mwaka 2014 mji ule ulibadilishiwa chanzo cha maji, watu wakalalamika kuhusu rangi na harufu, na wakubwa wakawahakikishia kwamba maji ni salama. Mwaka 2015 wakazi wenyewe walikusanya mamia ya sampuli kutoka mabomba ya nyumba zao, wakazipeleka kwa watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na madini ya risasi yakaonekana. Oktoba ya mwaka huo huo mji ukarudishwa kwenye chanzo chake cha awali, maji ya Detroit. Wataalamu walifanya kazi ya maabara, lakini chupa zilijazwa na wakazi wa mji, na msukumo ulitoka kwao. Afrika Kusini nako kuna mbinu iitwayo miniSASS, ambayo wanafunzi wa shule huitumia kuupima mto kwa kutazama wadudu wanaoishi chini ya mawe yake: kuna wadudu wasiovumilia uchafu, na wakitoweka wameshatoa taarifa. Wakulima wetu wanajua miezi ya mvua kuliko redio. Watashindwaje kujifunza kutambua wadudu?

Wengine watauliza kuhusu sheria, na swali hilo ni la haki. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliwatia watu woga, kwa sababu yaliwatishia wanaotangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 vifungu hivyo vililegezwa. Katiba, ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kutafuta na kutoa taarifa. Ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuandika barua kuomba taarifa, na inampa ofisa muda wa siku 30 kujibu. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya woga. Tusijiite maabara ya taifa, wala tusiandike tusichokipima. Tuandike kwamba siku fulani, saa fulani, mahali fulani, maji yalikuwa hivi. Huo ni ushuhuda, na ushuhuda wa mkweli haujawahi kuwa uchochezi.

Na wapo watakaonong'ona kwamba kumbukumbu hii itatuumbua wenyewe, maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mashamba yetu yanalamba maji. Ni kweli, itatuumbua. Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayetaka daftari limtaje mwekezaji bila kumtaja mjomba wake mwenye shamba ukingoni anataka silaha, hataki ukweli. Daftari litakaloheshimiwa Dodoma na Mwanza ni lile litakalotutaja sisi kwanza.

Basi tuanze, na tuanze na tulichonacho. Kila kijiji kichague sehemu moja ya mto, ile ambayo watu huchota maji, na kisiibadilishe. Wachaguliwe watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu ndiye anayeyajua maji hayo kila siku. Siku ile ile ya kila wiki, saa ile ile ya asubuhi, wautazame mti uliosimikwa mtoni na kuchorwa vipimo, waandike kina. Wajaze chupa ya kioo isiyo na rangi, waiweke mbele ya karatasi nyeupe, waandike rangi na harufu. Wapige picha ya simu inayoonyesha tarehe. Wote wawili watie saini. Kijiji kikiweza kununua au kuomba vifaa, kianze na cha kupima oksijeni, kwa sababu oksijeni hupimwa pale pale mtoni: chupa iliyosafirishwa kwa saa nyingi haitasema kweli. Kifuate kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kuwa chumvi na madini yakiongezeka, kipimo hicho hupanda. Samaki wakionekana kufa, msile hata mmoja, na msisubiri kiongozi afike na kamera. Jazeni chupa safi mbili hadi pomoni, zifungeni, zipoezeni kwa barafu. Moja ipelekwe siku hiyo hiyo ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na nyingine ibaki kwa wananchi, ikiwa na majina ya walioshuhudia. Kumbukeni kuchukua na tope pia, maana metali nzito huzama na kukaa chini hata maji ya juu yakionekana safi.

Kisha yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yabandikwe ukutani, yatumwe kwa kijiji cha juu na cha chini. Walimu wa sayansi watusaidie. Vijana wenye kujua kompyuta waunganishe madaftari yote yawe moja, kuanzia Serengeti na Tarime hadi Butiama na Rorya. Tutafute ndugu zetu wa Bomet na Narok, kwa sababu sehemu kubwa ya bonde iko Kenya, na mto haujui mpaka. Kila Septemba 15 Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara kwa hotuba na maandamano; siku hiyo madaftari yafunguliwe hadharani, na viongozi wajibu yaliyomo. Fedha zitafutwe kwa njia safi. Lakini hapa sina maneno ya kulainisha: daftari hili lisipokee shilingi ya mgodi, ya chama cha siasa, wala ya mfadhili anayetaka kulisoma kabla ya wananchi. Siku litakapokuwa na mlipaji mmoja, litakuwa na bwana mmoja.

Najua uchovu wenu. Najua mmeona tume nyingi, mikutano mingi, miradi mingi iliyokuja na magari na kuondoka nayo. Safari hii hakuna gari litakalokuja. Nawasihi wazazi, nawasihi wavuvi, nawasihi wafugaji mnaolaumiwa bila kipimo na wachimbaji wadogo mnaoficha zebaki gizani: hakuna anayenufaika na mto usio na shahidi isipokuwa yule anayeuchafua zaidi. Kila wiki tunayokaa bila kupima ni wiki tunayomzawadia. Tusimzawadie tena. Mkutano wa kijiji ujao uwe na ajenda moja juu ya zote, na anayeongoza mkutano akiikataa, wananchi wasimame na kuidai: nani wawili watakaopima maji yetu, na wanaanza lini? Msitawanyike kabla majina hayo mawili hayajaandikwa.