Bei ya maziwa Kariakoo inapangwa na nyasi

Kila ikifika Septemba, Oktoba, vibanda vya chai hapa Kariakoo ni malalamiko tu: maziwa yamepanda, maziwa yameadimika, maziwa yana maji. Lawama zote anatupiwa mchuuzi, eti tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Ila mwenye bei hasa ni nyasi, na nyasi haziko Mtaa wa Narung'ombe pamoja na jina lake lote hilo.

Bongo tunazalisha zaidi ya lita bilioni 3 za maziwa kwa mwaka. Sehemu kubwa inatoka kwa ng'ombe wa asili, hawa wenye nundu, ambao chakula chao ni majani ya porini basi. Pumba na mashudu wanayasikia kwa jirani. Masika yakianza Machi, baada ya wiki chache Chalinze yote mpaka Ruvu ni kijani na maziwa yanafurika. Ikifika Agosti majani yamebaki mabua, ng'ombe anatembea kutwa kutafuta maji, jioni unamkamua lita moja au pungufu, na ndama naye anadai haki yake.

Vuli ndiyo inatuokoa, ikija. Mwaka 2021 haikuja vizuri, na Januari 2022 kule Simanjiro, Manyara, mifugo ikafa kwa maelfu. Baadaye mwaka huohuo wa 2022 sisi wa Dar tukawekwa kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu umepungua. Kila mtu akawa bize na ndoo. Sikusikia mtu akikumbuka kwamba kuna ng'ombe wanakunywa mto huohuo kabla haujafika bombani kwetu.

Kinachoniuma ni hiki. Wakati maziwa ni mengi ndipo barabara za vijijini hazipitiki. Jamaa wa bodaboda na madumu yake anakwama kwenye tope, na kwa joto la Pwani maziwa hayamsubiri mtu, saa chache tu yameshachacha. Ya nchi nzima yanayofika viwandani hayafiki hata asilimia 5. Halafu kiangazi tunakoroga ya unga kutoka nje! Mwaka 2018 serikali ilipandisha ada ya kuingiza maziwa hadi shilingi 2,000 kwa lita ili kumlinda mfugaji wetu. Poa, lakini ada haioteshi nyasi mwezi wa tisa.

Tanga wenzetu walijipanga. Wafugaji wana ushirika wao, TDCU, wana matenki ya kupozea, na maziwa yanaingia kiwanda cha Tanga Fresh, ndiyo yale ya pakiti mnayonunua hapa mjini.

Mtu ataniambia, si wakate majani Juni yakiwa bado na nguvu, wakaushe, wafunge marobota? Ndiyo, inawezekana, pale Vikuge, Kibaha, shamba la serikali linafanya kazi hiyo. Lakini yule Mmasai wa Chalinze anachunga kwenye ardhi isiyo na hati, leo pori, kesho mpima ardhi kapita na vigingi, keshokutwa ni viwanja vinauzwa kwetu sisi wa mjini. Nani atahifadhi majani mahali ambapo hajui kama mwakani atakuwepo? Hapo ndipo ningependa waheshimiwa wetu watujibu, maana hotuba za "ufugaji wa kisasa" tumezisikia tangu tukiwa shule ya msingi.

Na kuna jambo lingine sijasikia likisemwa. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ya 2022 ilianza Aprili, katikati ya masika, nyasi tele. Ya 2030 itaanza Januari, jua la utosi, na nyingine itaanza mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Uji wa futari na chai ya daku Ilala, Magomeni na Gerezani vitahitaji maziwa yaleyale, ila ng'ombe atakuwa kwenye majani makavu.

Wadau wa Chalinze, Mlandizi na Bagamoyo, huko kwenu mvua imekaaje na lita mnauza bei gani? Tujuzane hapo chini.