Marehemu alikuwa bahasha namba ngapi?



Kuna swali ambalo wengi waliowahi kufiwa wanalifahamu. Mnafika ofisi ya kanisa wawili au watatu, macho mekundu kwa kukesha, mnasema baba amefariki alfajiri, tunaomba kanisa litusaidie kumzika. Mnapewa pole. Kisha daftari linafunguliwa na swali linakuja: “Marehemu alikuwa bahasha namba ngapi?”

Familia nyingine hujibu mara moja. Nyingine hutazamana. Kijana wa mjini aliyefika usiku kwa basi hajui namba ya bahasha ya mama yake, na dada aliyekuwa anamuuguza anajua, ila anajua pia kwamba bahasha hiyo haijaonekana kanisani mwaka mzima. Kimya hicho ndicho ninachotaka tukitafakari Jumapili ya leo.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na bahasha. Makanisa yetu hayana mfadhili wa kulipa umeme, posho ya mwinjilisti na bati za jengo. Zama za kusubiri fedha kutoka ng’ambo zimepita, na ni vyema zimepita. Mkristo anayekula na kushiba kutokana na kazi ya mikono yake anapaswa kumtolea Mungu, na bahasha yenye namba humsaidia mhazini kuweka hesabu safi. Pasipo hesabu, fedha za madhabahuni hupotea, na wachungaji na wazee wa kanisa huangukia hapo hapo.

Shida inaanza pale daftari la mhazini linapohamia kaburini. Ziko sharika na mitaa ambako familia huambiwa ilipe kwanza deni la marehemu ndipo ratiba ya ibada ipangwe. Pengine mwili hauruhusiwi kuingia kanisani, anatumwa mtu kuomba nyumbani, basi. Pengine kengele haipigwi na kwaya haiji. Ndugu wanachangishana, fedha za rambirambi zinachukuliwa kutoka kwenye sahani pale msibani, deni linalipwa, na ghafla marehemu anakuwa Mkristo mwema tena. Tujiulize: watoto waliosimama pale wamejifunza nini kuhusu Injili?

Sisi tulio wa makanisa ya Matengenezo tunapaswa kuogopa zaidi. Kila tarehe 31 Oktoba tunakumbuka mwaka 1517, Martin Luther alipopinga biashara ya vyeti vya msamaha, ambavyo watu walinunua hata kwa ajili ya ndugu zao waliokwisha kufa. Tunaimba na kushangilia siku hiyo. Halafu Novemba inapoingia tunamdai yatima risiti.

Tukiifungua ile bahasha tupu, tutakuta nini ndani yake? Mara nyingi si kiburi. Utamkuta bibi aliyekuwa akileta mayai na mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada, mpaka miguu ikakataa kutembea. Utamkuta mama lishe ambaye mtaji wake umeishia kwenye dawa za mume. Utamkuta mzee aliyeimba kwaya miaka 30, ambaye sasa hana kipato na anaona aibu kupita mbele na mkono mtupu huku wenzake wakishikilia bahasha. Akaanza kukaa nyumbani. Sisi tukaandika “hashiriki”. Hakuna aliyekwenda kumuuliza kulikoni.

Tunapenda sana kuhubiri habari za mjane maskini katika Marko 12:41-44, hasa wiki ya mavuno. Hekaluni, kwa mapokeo ya Wayahudi, palikuwa na masanduku 13 ya sadaka yenye midomo kama tarumbeta. Matajiri walitumbukiza nyingi. Mjane akatumbukiza vipande viwili vidogo vya shaba. Kwa hesabu ya fedha za Kirumi, vyote viwili vilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika Mathayo 20. Kibarua wa leo akilipwa shilingi 10,000 kwa siku, sadaka ya mama yule haizidi shilingi 160. Leo tungeiandika katika safu gani ya daftari letu?

Lakini tunapoisoma habari hiyo huwa tunaanza mstari wa 41 na kuishia wa 44. Rudi nyuma mstari mmoja tu. Katika mstari wa 40 Yesu amemaliza kuwaonya watu juu ya waandishi wanaosali sala ndefu huku wakizila nyumba za wajane. Kisha vuka mbele, mwanzo wa sura ya 13. Wanafunzi wanamwonyesha mawe makubwa na majengo mazuri ya hekalu, naye anawajibu kwamba yote yatabomolewa. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza. Kwa hiyo mjane yule amekaa katikati ya maneno mawili mazito: moja juu ya viongozi wa dini wanaowanyonya wajane, jingine juu ya jengo ambalo halitasimama. Bwana alimsifu mama yule. Hakulisifu sanduku, wala hakuwasifu waliosimama kando yake wakihesabu.

Tazama pia walivyofanya waliotutangulia. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, hapa hapa Afrika upande wa kaskazini, aliandika karibu mwaka 197 akiwatetea Wakristo mbele ya watawala. Alieleza kwamba nao walikuwa na sanduku la michango ya kila mwezi. Kila mtu alitoa akipenda na akiweza, wala hakuna aliyelazimishwa. Fedha hizo zilikwenda wapi? Miongoni mwa kazi zake alitaja kuwalisha maskini na kuwazika. Yaani mchango wa kanisa ulikuwepo ili maskini azikwe. Sisi tumeugeuza ukawa sababu ya maskini kutozikwa.

Mwaka 362, Juliani, mfalme wa Roma aliyeuacha Ukristo na kutaka kuirudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika. Alitaja mambo yaliyoikuza imani ya Wakristo: ukarimu wao kwa wageni, na jinsi walivyojali maziko ya wafu. Aliona aibu kwamba Wakristo waliwasaidia maskini wao na hata maskini wasio wao. Huyo ni adui aliyetoa ushuhuda. Leo jirani yetu asiye Mkristo akija kwenye msiba wetu na kusikia habari za deni, ataandika nini?

Na kama ni daftari, Agano Jipya linalo. Katika 1 Timotheo 5:9 Paulo anazungumzia orodha ya wajane, waliotimiza umri wa miaka 60. Hiyo haikuwa orodha ya wadaiwa. Ilikuwa ya wajane ambao kanisa lilibeba jukumu lao. Natamani kila mhazini anapofungua daftari la bahasha, pembeni yake pawe na daftari hilo la pili.

Najua wazee wangu wa kanisa watanijibu: “Mchungaji, wako wanaoweza na hawataki. Ana nyumba ya kupangisha na gari mbili, kanisani tunamwona siku ya harusi ya mwanawe, halafu akifa mnataka kengele ipigwe.” Ni kweli, wapo, nami nawafahamu. Lakini mtu huyo alipaswa kuonywa akiwa hai, ana masikio ya kusikia na miguu ya kurudi. Ukimnyima ibada akiwa ndani ya jeneza hujamwadhibu yeye. Umemwadhibu mjane wake, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akija kila Jumapili. Ibada ya maziko si tuzo kwa marehemu. Ni Neno la Mungu kwa walio hai wanaolia, na huyo anayekwenda kaburini tunamwachia Mwenye kuhukumu kwa haki. Bwana wetu mwenyewe alilazwa katika kaburi la Yusufu wa Arimathaya, kaburi ambalo hakulichimba wala hakulilipia.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne ya kuweka mezani kwenye vikao vyetu vya wazee.

Moja, bahasha ikikosekana miezi mitatu mfululizo, mzee wa kanisa wa eneo hilo aende nyumbani. Asiende na daftari. Aende kusalimia, aone kama jikoni moto unawaka, aombe na wenye nyumba. Bahasha inayokosekana ni taarifa ya kichungaji kabla ya kuwa taarifa ya mhazini.

Mbili, sehemu ya sadaka yetu, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa ajili ya kuwazika wasio na uwezo. Jumuiya zetu zinajua kuchangia harusi kwa kadi na kamati ya watu 20. Sanda na jeneza la mbao za kawaida haviwezi kutushinda.

Tatu, tuache kusoma majina na kiasi cha kila mtu mbele ya ibada. Wenye nacho tunawafundisha kujisifu, na wasio nacho tunawafundisha kubaki nyumbani.

Nne, swali la kwanza ofisini libadilike. Namba itatafutwa baadaye, kama ni lazima. Kwanza tuulize marehemu alikuwa anaitwa nani, nani amebaki nyumbani, na kama wafiwa wamekula.

Nawe muumini usomaye, usichukue makala haya kuwa ruhusa ya kuacha kutoa. Kanisa linaloweza kumzika maskini pasipo kumdai ni lile ambalo wenye uwezo wanatoa kwa uaminifu. Ukibana mkono wako, unayembana ni bibi yule wa mayai. Toa ukijua kwamba sadaka yako inaweza kuwa ndiyo sanda ya mtu usiyemjua.

Leo baada ya ibada, kabla ya kwenda kwenye mnada au kupanda bodaboda kurudi nyumbani, mkumbuke mtu mmoja aliyekuwa akikaa benchi lako na siku hizi humwoni. Pita kwake. Usimuulize habari za bahasha.