Mwanagenzi wa Kinanda cha Mdomo Anadai Neno, si Makofi

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii imekuwa ngao ya watu wanaoogopa kusifu. Mwalimu huitaja anapouficha uradhi wake mbele ya wanafunzi, mzazi huitaja anapomnyima mwanawe neno la heri, na mhakiki chipukizi huitaja anapoirarua kazi ya mwenzake. Wanalolisahau wote hao ni kwamba methali yenyewe inamzungumzia mgema: mtu aliyekwisha kuujua mnazi, mwenye kisu chake na wateja wake. Haimzungumzii mwanagenzi ambaye bado anatetemeka katikati ya shina, asijue mguu wa pili auweke wapi. Huyo wa pili anahitaji nini kutoka kwa waliosimama chini wakimtazama? Swali hili ni pana, lakini laweza kujibiwa vyema kwa kumtazama mwanagenzi mmoja ambaye ni nadra kutajwa katika kurasa za wanafunzi wa Kiswahili: anayejifunza kupuliza kinanda cha mdomo, yaani hamonika.

Ala hii huingia mfukoni, na bei yake huwa chini mno ya ile ya gitaa zuri. Matthias Hohner alianza kuitengeneza katika mji wa Trossingen, Ujerumani, mwaka wa 1857, na tangu hapo imesambaa duniani kote. Ile ya kawaida ina matundu 10, na kila tundu lina vilimi viwili vyembamba vya madini: kimoja hulia mtu anapopuliza, kingine anapovuta pumzi. Kwa hiyo hata mtoto akiitia kinywani na kupumua tu, hupata mlio wa kupendeza. Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Katika oktavu ya chini ya ala hiyo, sauti mbili za ngazi inayojulikana na kila mwanakwaya, fa na la, hazimo kabisa. Anayezitaka hana budi kuziumba mwenyewe kwa kuvuta pumzi katika tundu la 2 na la 3 huku akibadilisha umbo la kinywa mpaka sauti ishuke. Wapulizaji huiita kazi hiyo kupinda sauti, na hapo ndipo wanagenzi wengi hukwama.

Kukwama huko kuna sababu ya pekee. Mwalimu wa gitaa huviona vidole vya mwanafunzi. Mwalimu wa ngoma huiona mikono. Katika hamonika, kazi yote hufanyika mahali pasipoonekana: ulimi, taya na koo vimefichwa nyuma ya midomo, nayo midomo imefichwa na ala pamoja na viganja. Mwanagenzi akivuta pumzi katika tundu la 2, aghalabu sauti huziba au hutoka kama mkoromo. Wengi hudhani kwamba wameuziwa ala mbovu. Ala mara nyingi ni nzima. Taya ndilo lililokazwa, koo limebana, na pumzi inavutwa kwa nguvu kupita kiasi. Mwenyewe hawezi kuligundua hilo kwa urahisi, kwa kuwa mtu huisikia sauti itokayo kinywani mwake kupitia mifupa ya kichwa chake pia. Simu ya mkononi yaweza kumrekodia na kumrudishia sauti hiyo, lakini haimwambii sababu. Sababu hutoka kwa msikilizaji ajuaye kusikia na ajuaye kusema.

Msikilizaji wa namna hiyo ni adimu. Anayewapata wanagenzi kwa wingi ni wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenye kejeli, anayeuliza ni paka yupi aliyekanyagwa. Wa pili ni mwenye sifa tupu, anayesema "vizuri sana" kabla wimbo haujafika katikati. Wa tatu ni mwenye kimya. Watu hao huonekana kuwa tofauti, lakini mwanagenzi huondoka kwao wote mikono mitupu. Aliyechekwa hajui alichokosea, aliyesifiwa hajui alichopatia, na aliyenyamaziwa hajui hata kama alisikika. Baada ya wiki chache ala huwekwa kabatini, na watu husema kijana yule hakuwa na kipaji. Waama, kipaji hakikupimwa. Kilichopungua ni lugha ya kumwambia.

Neno "lugha" hapa halikutumiwa kwa mzaha. Kwa kuwa kinywa hakionekani, walimu wa hamonika wamelazimika kufundisha kwa irabu. Humwambia mwanagenzi aanze na kinywa chenye umbo la "i", kisha akiwa bado anavuta pumzi akisogeze kuelekea "u". Mwanafunzi yeyote wa fonetiki ya Kiswahili anajua kinachotendeka: ulimi ulioinuka mbele unarudi nyuma, na nafasi ya ndani ya kinywa inabadilika umbo. Mafunzo ambayo mwanafunzi huyo aliyakariri kwa ajili ya mtihani yanaweza kumfungulia mpulizaji sauti aliyoitafuta kwa miezi. Hata hivyo, somo la Muziki katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hivi kwamba Mkenya anayetaka kumsahihisha mwenzake kwa Kiswahili hujikuta amebakiwa na "nzuri" na "mbaya". Maneno hayo mawili hayatoshi kumtoa mtu kwenye tundu la 2.

Kuna watakaosema kwamba ukali ndio unaokuza, na kwamba mafundi wa zamani hawakubembelezwa. Hoja hii ina chembe ya ukweli, ila inakosea mahali pa kuiweka sifa. Mwalimu mkali aliyefanikiwa hakufanikiwa kwa sababu ya sauti yake ya juu. Alifanikiwa kwa kuwa alisema kosa liko wapi. "Legeza taya, punguza pumzi, rudia tundu la 2 peke yake" ni agizo linalofaa hata likitamkwa kwa upole, na tusi halifai hata likitamkwa na bingwa. Ukali umekuwa ukisifiwa kwa kazi iliyofanywa na usahihi.

Wapo pia watakaoegemea upande wa pili na kutaja makofi. Watamtaja Stevie Wonder, aliyekuwa na umri wa miaka 13 wimbo wake "Fingertips" ulipofika kileleni mwa orodha ya nyimbo zilizovuma Marekani mwaka wa 1963. Wimbo huo ulirekodiwa mbele ya hadhira, na shangwe za watu zinasikika pamoja na hamonika yake. Ni kweli kwamba hadhira ile ilimpa moto. Lakini Motown, kampuni iliyomlea, haikutegemea shangwe pekee. Ilikuwa na vikao vya kila wiki ambamo nyimbo zilisikilizwa na kupigiwa kura kabla ya kutolewa. Makofi humpa mtu hamu ya kurudi jukwaani, lakini hayawezi kumwambia afanye nini kesho asubuhi akiwa peke yake na ala yake.

Utamaduni wa Kiswahili, kwa bahati njema, unayo hazina ya usemi wa aina hii. Hazina hiyo ni arudhi. Malenga anapomsomea mwanagenzi shairi la tarbia, halazimiki kusema kwamba shairi ni baya. Anaweza kumwambia kwamba mshororo wa tatu wa ubeti wa pili una mizani 15 badala ya 16, kwamba kina cha kati kimepotea, na kwamba kibwagizo kinabeba ujumbe vizuri. Mwanagenzi hurudi nyumbani akijua mshororo wa kurekebisha na mshororo wa kuuacha ulivyo. Majibizano ya washairi katika kurasa za magazeti kama Taifa Leo yamewalea wengi kwa njia hiyo: mtu hujibiwa kwa shairi, na jibu lenyewe huwa somo. Hasara ni kwamba mtu akitoka nje ya arudhi, akaleta shairi huru, hadithi fupi au wimbo wa ala, wasomi walewale huishiwa na maneno. Pambizo za kazi yake hujaa "Fikiria tena" na "Kazi nzuri", na mwandishi huachwa akikisia, sawa na mpulizaji anayelaumu ala.

Inafaa basi vyama vya Kiswahili vyuoni viweke mazoea mapya kila mwanagenzi anapowasilisha kazi, iwe shairi, hadithi au wimbo wa kinanda. Anayemjibu aseme mambo matatu. Kwanza, ataje alichokisikia na mahali alipokisikia. Pili, ataje sababu anayoidhania. Tatu, ampe jambo moja tu la kufanya kabla ya kikao kijacho, kwa sababu anayepewa kumi hafanyi hata moja. Sifa nazo zisiachwe nje, ila zije na ushahidi: "Wiki jana ulipuliza matundu mawili kwa pamoja, leo nimesikia moja." Sifa ya namna hiyo haitii maji tembo la mtu yeyote, maana mwenye kuipokea anaweza kuihakiki kwa sikio lake mwenyewe.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Chuo hufunza kuhakiki vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, ambavyo waandishi wao hawatazami uso wa mhakiki na wengine walifariki zamani. Ni nadra mwanafunzi kufunzwa, seuze kutahiniwa, namna ya kumjibu mtu aliye hai ambaye kazi yake bado ni mbichi. Ilhali wengi wa wanafunzi hao watakuwa walimu, na kila siku watakabidhiwa insha za watoto wanaoanza. Zoezi moja kwa muhula la kuisahihisha kazi ya mwanagenzi, kisha kumwuliza mwanagenzi huyo kama alielewa afanye nini, lingewafaa kuliko tahakiki nyingine ya riwaya iliyohakikiwa mara mia.

Wahenga walisema pia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Tuzo kubwa ambayo chama cha Kiswahili kinaweza kumpa anayeanza ni kumsikiliza mpaka mwisho, kisha kumwambia kwa Kiswahili sanifu ni tundu lipi lililoziba.