Imevunjika au Umeivunja?

Nilipokuwa na miaka saba nilivunja glasi ya wageni, moja ya zile sita ambazo mama alizitunza kabatini nyumbani kwetu Masaka. Nikamwendea jikoni, nikamwambia kwa Kiganda kwamba glasi imevunjika. Hakugeuka hata kunitazama. Aliniuliza tu, "Imevunjika, au umeivunja?"

Sijapata somo la muundo wa sentensi lililo bora kuliko hilo, na nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Ndiyo maana sikubali ninaposikia kwamba wanafunzi wa Uganda hawaelewi tamathali za usemi wala miundo ya sentensi za Kiingereza kwa sababu lugha za nyumbani zinawavuruga. Maneno hayo wanayasema walimu, wanayasema wazazi, na sasa wanayasema hata wenzangu tunaosomea ualimu pamoja. Si kweli. Kilichotuvuruga ni jinsi tulivyofundishwa.

Chukua kauli ya kutendwa. Tulifundishwa kwamba mtendwa anatoka nyuma na kuja mbele, kitenzi kinabadilishwa, na mtenda anapelekwa mwisho. Tulizigeuza sentensi za John na mpira wake mpaka mikono ikauma. Hakuna aliyetuuliza kwa nini mtu atake kumpeleka John mwisho wa sentensi, au kumfuta kabisa. Halafu ukaja mtihani na amri yake maarufu: andika upya sentensi hizi kama ulivyoelekezwa, bila kubadilisha maana. Bila kubadilisha maana! Kama maana haibadiliki, tunahangaika kugeuza kwa faida gani? Mama yangu hakufika sekondari, lakini amri hiyo angeikataa. Alijua kwamba kati ya "imevunjika" na "umeivunja" kuna fimbo.

Kiganda kinazo njia zote mbili, Kiswahili pia kinazo, kimoja kwa kauli ya kutendeka na kingine kwa kauli ya kutenda. Kiingereza nacho hakikosi: kitenzi kilekile cha kuvunja kinaweza kusimama bila mtenda, dirisha likavunjika kana kwamba limejivunja lenyewe. Hilo nililigundua mwenyewe nikiwa mwaka wa pili wa chuo. Shuleni tuliacha kulitaja ili tupate muda wa kukariri sentensi za "No sooner", ambazo tangu siku ya mtihani sijamsikia mtu yeyote akizitamka sokoni, ofisini wala kanisani. Wakati huohuo, kijana aliyejifunza kauli ya kutendwa kama mchezo wa kupanga maneno anasoma katika gazeti kwamba fedha za barabara "zimepotea", na haulizi nani amezipoteza. Anafunua ukurasa wa michezo.

Tamathali za usemi zilipata balaa hilohilo. Tulisoma Song of Lawino, utenzi ambao Okot p'Bitek aliutunga kwanza kwa Kiacholi, kisha tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ikatoka mwaka 1966. Tulipofika kwenye methali ya boga, mwalimu aliandika ubaoni kwamba boga ni ishara ya mila, nasi tukanakili. Msichana mmoja kutoka Gulu aliinua mkono. Akasema kwao watu wakihamia boma jipya, mboga na maboga ya boma la zamani huendelea kuota na kulisha watu, kwa hiyo anayeling'oa hapati chochote, anaharibu chakula tu. Kwa mara ya kwanza nilielewa. Boga halikuwa limebandikwa mila juu yake kama lebo. Lilikuwa chakula, na hoja yote ya Lawino ilikaa ndani ya chakula hicho. Mwalimu akamwambia vizuri, lakini hilo halimo katika mwongozo wa kusahihisha. Sikumbuki kama msichana yule aliinua mkono tena muhula ule.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu ana darasa la watoto tisini na mtihani unamsubiri. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimesimama mbele ya darasa kama hilo. Lakini kukariri orodha hakuokoi muda wowote, maana kila mwaka orodha inaanza upya, na kila mwaka watoto wanajibu kwamba mshairi ametumia takriri "ili kuvutia msomaji". Jibu hilo linafaa kila shairi duniani, kwa hiyo halifai lolote.

Na sisi wa Kiswahili tusicheke. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na tayari nasikia wenzangu wakiwakaririsha watoto tashbihi, sitiari, tashihisi, balagha, kwa kuimba kama jedwali la kuzidisha. Tumechukua ugonjwa wa jirani tukaupa majina ya Kiswahili. Tungeweza kufanya kinyume chake. Mtoto yuleyule anakaa mbele ya mwalimu wa Kiswahili saa mbili na mbele ya mwalimu wa Kiingereza saa nne. Kwa nini walimu hao wawili wasimwulize swali moja?

Katika mazoezi ya kufundisha mwaka jana, darasani kwetu kulikuwa na dirisha lililopasuka. Niliacha kitabu, nikawaambia wanafunzi wa kidato cha pili wamwandikie mwalimu mkuu kwa Kiingereza kuhusu dirisha lile: kwanza kama aliyelivunja, kisha kama rafiki yake, kisha kama mzazi anayedaiwa kulilipia. Waliruhusiwa kujadiliana kwa lugha yoyote. Walibishana kwa Kiganda, kwa Runyankole na kwa Kiswahili, kisha wakaandika. Aliyejifanya mvunjaji hakumtaja mtu hata mmoja. Wazazi wote walianza na jina. Sikuwa nimewatajia kauli ya kutendwa hata mara moja.

Msimamizi wangu, aliyekuwa amekaa nyuma, aliandika katika ripoti kwamba muda mwingi umepotezwa kwa lugha za nyumbani. Hakuandika umepotezwa na nani. Muhula ujao ninarudi katika shule hiyohiyo, na nikilikuta dirisha halijatengenezwa nitalifundishia tena.