Picha na ramani za kale zafichua siri za jumba la Sultani lililotoweka

MGENI anayetoka Ngome Kongwe mjini Zanzibar na kufuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wake wa kushoto, hupita mbele ya Beit al-Ajaib, kisha akaipita bustani, kisha akafika kwenye jumba jeupe ambalo sasa ni makavazi ya kasri. Wengi huidhania bustani hiyo kuwa mahali pa kivuli tu, palipoachwa wazi na wajenzi wa mji kwa ajili ya kupunga upepo.

Ukweli ni kwamba hapakuachwa wazi. Hapo ndipo lilipokuwa Beit al-Hukm, jumba la utawala wa masultani, hadi asubuhi ya Agosti 27, 1896. Siku hiyo manowari za Uingereza zililimiminia mizinga kuanzia saa tatu na dakika chache, na kabla ya saa nne kugonga kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kilichosalia kilionekana kuwa hatari kwa watu, kikabomolewa.

Habari za jumba hilo zisingekuwa na uzito mkubwa leo ila kwa jambo moja. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya jirani yake, Beit al-Ajaib, iliporomoka pamoja na mnara wa saa wakati kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman ikiendelea. Watu wawili walifariki. Tangu siku hiyo suala la namna ya kulirejesha jumba hilo limekuwa likijadiliwa na wahandisi, wanahistoria na wanasiasa, na kila mmoja wao hulazimika kurudi kwenye ushahidi ule ule: picha, ramani, na maandishi ya watu waliokwisha kufa.

Ushahidi huo una nguvu, lakini pia una mipaka, na hakuna mahali ambapo mipaka hiyo huonekana wazi zaidi kuliko katika kisa cha Beit al-Hukm.

Itakumbukwa kwamba wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, majumba matatu yalisimama kwa safu moja kando ya bahari: Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka wa 1883, Beit al-Hukm, na jumba la wanawake wa Sultani. Yaliunganishwa na madaraja ya mbao yaliyoezekwa, juu ya kimo cha barabara, ili wenyeji wake wapite bila ya kuonekana na umma. Mbele yake ulisimama mnara mrefu wa taa ulioongoza vyombo bandarini.

Mnara huo ndio ufunguo wa kwanza wa mtafiti. Picha nyingi za zamani za Zanzibar hazina tarehe, na zile zilizochapishwa kama kadi za posta hupotosha zaidi, kwa kuwa kadi iliweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha yenyewe kupigwa. Muhuri wa posta huonyesha siku ambayo msafiri aliituma barua yake, wala si siku ambayo mpiga picha alisimama ufuoni. Maelezo yaliyochapwa chini ya picha nayo hayasaidii sana: kwa wageni, kila jumba kubwa lililotazama bandari lilikuwa ‘Kasri la Sultani.’

Lakini majengo yenyewe hayasemi uongo. Ikiwa mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya majumba, picha ilipigwa kabla ya Agosti 1896. Ikiwa Beit al-Ajaib lina mnara wa saa usoni pake, picha ilipigwa 1897 au baadaye, kwa sababu mnara huo uliongezwa wakati wa matengenezo ya mwaka huo ili kuchukua nafasi ya ule wa taa uliovunjwa. Ikiwa reli inaonekana karibu na Ngome, basi tayari ilikuwa imefika 1905, mwaka ambao treni ya Bububu ilianza safari zake. Kwa njia hii picha ambayo haikuandikwa neno lolote huweza kuwekwa katika kipindi chake.

Baada ya tarehe huja vipimo. Ngome Kongwe ingali pale, na minara yake haikuhama. Mtafiti anayezilinganisha picha mbili zilizopigwa kutoka pande tofauti huweza kutambua mpiga picha alisimama wapi, kisha akakadiria upana na kimo cha jumba ambalo halipo kwa kulipima dhidi ya lile lililopo. Hapo ndipo ramani inapoingia. Mwaka wa 1892, miaka minne tu kabla ya mizinga, mpima ardhi kutoka India aitwaye Imam Sharif aliupima mji wa Zanzibar na kuuchorea ramani. Ramani ya namna hiyo huonyesha msingi wa jumba ardhini, jambo ambalo picha iliyopigwa kutoka baharini haiwezi kuonyesha kamwe.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba ufuo wa leo si ufuo wa wakati huo. Jina la Forodhani lenyewe latokana na forodha iliyokuwapo hapo kabla ya bustani kupandwa. Anayeiweka ramani ya karne ya 19 juu ya ramani ya sasa bila ya kuzingatia mabadiliko hayo atajikuta akililaza jumba la Sultani mahali ambapo halikuwahi kusimama.

Hadi hapa kazi yaonekana kuwa rahisi. Tatizo ni kwamba takriban picha zote maarufu za Beit al-Hukm zilipigwa kutoka upande mmoja. Wapiga picha wa wakati huo, miongoni mwao A. C. Gomes, ambaye asili yake ilikuwa Goa na ambaye alifungua duka lake mjini humo, walikuwa wafanyabiashara. Wateja wao walikuwa maofisa wa meli, wamishonari na wasafiri waliotaka ukumbusho wa mandhari waliyoyaona walipotia nanga. Mandhari hayo yalikuwa uso wa majumba. Hakuna mteja aliyelipa ili apewe picha ya mgongo wa jumba, jiko lake, au ngazi walizopandia watumwa wakiwa na mitungi ya maji.

Zaidi ya hayo, mpiga picha hangeruhusiwa kuingia katika sehemu za wanawake. Hivyo basi uso wa jumba umejulikana karibu dirisha kwa dirisha, huku maisha yaliyoendelea nyuma ya madirisha hayo yakibaki gizani.

Pengo hilo limejazwa kwa kiasi na mwanamke mmoja. Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, aliondoka Zanzibar mwaka wa 1866 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886, humtembeza msomaji ndani ya Beit al-Sahel ya utoto wake: ua ambamo wanyama walichinjwa, watu wakinyolewa na wachota maji wakipumzika, roshani ndefu ambayo vyumba vilifungukia, zidaka ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri, na vioo na saa kutoka Ulaya.

Hata hivyo, hapana budi kuwa mwangalifu. Salme aliandika akiwa mbali, miaka mingi baada ya kuondoka, na aliyoyaeleza ni majumba ya enzi ya baba yake, Seyyid Said, wala si yale ya ndugu yake Barghash. Anayemnukuu ili kuonyesha namna Beit al-Hukm lilivyokuwa mwaka wa 1896 anachanganya vizazi viwili. Aidha aliandika kama binti mfalme. Mchota maji anaonekana katika ukurasa wake, lakini hasemi neno.

Kinaya cha kisa hiki ni kwamba picha zinazofichua mengi zaidi ni zile za maangamizi. Baada ya vita vile vya chini ya saa moja, vilivyowaua au kuwajeruhi watu wapatao 500 upande wa Khalid bin Barghash huku upande wa Uingereza ukipata majeruhi mmoja tu, magofu yalipigwa picha. Washindi walitaka kuonyesha nguvu za mizinga yao. Lakini kombora lililopasua ukuta lilifanya kazi ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kuagizwa kuifanya: liliacha wazi nguzo, boriti na dari. Katika picha hizo mtu huweza kuona jinsi orofa moja ilivyokalia nyingine. Jumba lilianza kueleweka siku ambayo lilikuwa limekwisha.

Msomaji wa Kenya hana sababu ya kudhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa ikiwemo, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani hadi Desemba 1963, na bendera yake ilipepea juu ya Fort Jesus. Khalid mwenyewe, aliyetoroka kasri hilo na kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, alipelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka wa 1916 na kuhamishiwa Ushelisheli na St Helena. Mwishowe aliruhusiwa kuishi Mombasa, na huko ndiko alikofia mwaka wa 1927.

Tukirudi kwa Beit al-Ajaib, hali yake ni afadhali mara kadhaa. Jumba hilo lilidumu hadi zama za kamera za rangi na vifaa vya kisasa vya kupimia, na kabla ya kuporomoka lilikuwa makavazi yaliyotembelewa na maelfu ya watu. Upo ushahidi wa ndani na wa nje. Lakini wingi wa ushahidi umezua swali ambalo wahandisi hawawezi kulijibu: je, lirejeshwe jumba la mwaka gani?

Likijengwa kama Barghash alivyolijenga 1883, basi mnara wa saa hauna nafasi, kwa maana ni matokeo ya mizinga ya Waingereza, na baada ya mnara huo kuongezwa jumba lilifanywa makao ya wakuu wa serikali ya kikoloni. Likijengwa na mnara wake, wajenzi watakuwa wamerejesha sura ambayo kila Mzanzibari aliye hai leo aliijua. Na ikumbukwe kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba hilo hilo lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi kwa mafunzo ya itikadi. Kipindi hicho nacho ni historia, ingawa hakipendezi sana kwenye vipeperushi vya watalii, na huenda hakimpendezi sana mfadhili kutoka Muscat.

Picha haziwezi kuamua jambo hilo. Kila moja yazungumzia siku moja tu, na mtu anayesema kwamba anafuata picha tayari ameshachagua ni picha gani aifuate.

Lipo pia swali la ni nani anayezishika picha zenyewe. Hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar ina hazina yake, lakini mikusanyo mikubwa iko mbali. Picha alizopiga John Kirk, balozi wa Uingereza enzi za Barghash, zimehifadhiwa Edinburgh. Mkusanyo wa Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki, unamilikiwa na Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, ambacho, kwa bahati njema, kimeuweka kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Zanzibar huweza sasa kumtazama babu wa mtaa wake bila ya kulipa nauli ya ndege, mradi awe na umeme na mtandao. Lakini maelezo anayoyakuta chini ya picha mara nyingi ni ya Kiingereza, yaliyoandikwa na watu ambao hawakuujua mtaa huo.

Kwa Mombasa na Lamu, hali inatia wasiwasi zaidi. Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka wa 1990, mji wa Lamu ukaingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, na Kenya ina Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Sheria hizo huweza kumzuia mwenye nyumba kubomoa, lakini haziwezi kuzuia mvua kuingia katika boriti zilizooza. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa huhitaji kutiwa mkono kila mara, na warithi wengi wa nyumba moja, wengine wakiwa Nairobi na wengine Ghuba, hukosa kukubaliana ni nani atoe fedha. Nyumba huachwa ikajiangukia, na mahali pake huota orofa za saruji.

Nyumba hizo hazikuwa za masultani. Hakuna manowari iliyopita ikazipiga picha, na msafiri hakuwa na haja ya kununua kadi yenye sura ya nyumba ya mshona kofia. Lamu ilibahatika kupata wasanifu majengo waliopima nyumba zake kadhaa katika miaka ya 1970, miongoni mwao Usam Ghaidan, aliyechapisha utafiti wake mwaka wa 1975. Anayetaka kuijenga upya mojawapo ya nyumba hizo ana mahali pa kuanzia.

Kwingineko ushahidi uliobaki umo katika makabati ya watu, ndani ya albamu za harusi. Bibi arusi amekaa mbele, jamaa wamejipanga nyuma yake, na nyuma ya jamaa hao mlango wa nakshi, kidaka kimoja na pembe ya dari vimeingia pichani bila ya kualikwa.